Chembe nyekundu ya damu inapitaje kwenye tundu dogo kuliko yenyewe? Uzi wa modeli za kompyuta, malaria na seli mundu

Mwalimu wa Chuno #1

Wakuu salaam. Wakubwa, shikamooni.

Nashusha uzi nikiwa Mtwara mjini, umeme upo kwa sasa, na mada si siasa wala bei ya korosho. Wale wa "mkuu fupisha" mnisamehe mapema.

Iko hivi. Chembe nyekundu ya damu ina kipenyo cha mikromita 8 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kapilari nyembamba inazopaswa kupita zina mikromita 5, na kwenye bandama kuna nyufa zenye upana wa mikromita 1 tu. Chembe inajipenyeza humo, inatokea upande wa pili ikiwa nzima, inarudia umbo lake na kuendelea na mzunguko, hivyo hivyo kwa siku 120 hadi inachakaa na kuondolewa. Haina kiini, haijikokoti yenyewe, inasukumwa tu na plazma, yaani majimaji ya damu. Inapitaje?

Hesabu ya kwanza haihitaji kompyuta, kalkuleta ya mwanafunzi inatosha. Ujazo wa chembe ni mikromita za ujazo 94 hivi. Eneo la utando wake ni mikromita za mraba 135 hivi. Ujazo ule ule ukiuweka kwenye tufe, tufe linahitaji utando wa 100 tu. Kwa hiyo chembe imebeba utando wa ziada, karibu theluthi nzima juu ya unaohitajika, na mambo yote yanaanzia kwenye ziada hiyo. Utando wenyewe haukubali kutanuka: eneo likiongezeka asilimia 3 au 4 unapasuka. Lakini kukunjwa na kupindwa haujali. Chukua kandoro ya maji, ule mfuko mdogo wa plastiki. Iliyojazwa ikakaza huwezi kuipitisha kwenye tundu dogo, itapasuka mkononi. Iliyojazwa nusu unaipenyeza utakavyo, na plastiki yake haijatanuka hata kidogo.

Sasa tuseme chembe imelazimika kuwa bomba fupi lenye ncha za nusu tufe, kipenyo chake d. Fomula ni hii:

ujazo = (eneo × d ÷ 4) − (π × d³ ÷ 12)

Weka 94 na 135, tafuta d. Utapata 3. Hilo ndilo bomba jembamba kuliko yote ambalo chembe hiyo inaweza kupita bila kupasuka. Punguza utando hadi 120 na ujazo uuache pale pale, d inapanda hadi 3.5. (Nyufa za bandama si za duara, ni ndefu kwa upande mmoja, ndiyo maana chembe inapita hata ufa wa mikromita 1. Inajikunja na kupita kidogo kidogo.)

Hesabu hiyo inakwambia kama chembe ITAPITA. Haikwambii itachukua muda gani, itataka msukumo kiasi gani, wala itakuwaje zikifika ishirini kwa pamoja kwenye njia panda ya mshipa. Hapo ndipo inapokuja modeli ya kompyuta, na hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Kwenye mwili wa mgonjwa mambo yanabadilika kwa pamoja. Kimelea cha malaria kikikua ndani ya chembe, utando unakuwa mgumu, umbo linakaribia tufe, na juu ya uso vinaota vinundu vinavyonata kwenye ukuta wa mshipa. Yote matatu kwa mkupuo. Ukiangalia slaidi ya damu kwenye hadubini huwezi kusema ni lipi lililoziba mshipa. Kwenye modeli unaongeza ugumu peke yake, umbo unaliacha. Kisha unageuza: umbo unabadilisha, ugumu unauacha. Mimi naona kazi halisi ya modeli ni hiyo, kutenganisha vitu ambavyo mwili umevifunga pamoja. Zile video za chembe nyekundu zinazong'aa mnazotumiana WhatsApp ni mapambo.

Namna inavyojengwa nitaiweka baadaye, nina kipindi.

Korosho Ghafi #2

Nimekaa siti ya mbele. Ila nilivyoona "Mtwara" nikajua umekuja na taarifa za mnada.

Dada Maabara #3

Mwalimu, hongera. Ngoja niongeze la huku kwetu, maana niko maabara na malaria ndiyo mkate wetu wa kila siku mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi.

Ukisoma slaidi ya falsiparum, yaani kimelea cha malaria kali, karibu siku zote unachokiona ni pete, yaani vimelea vichanga. Vilivyokomaa huvikuti kwenye damu ya kidoleni. Havijafa, vimeng'ang'ania kwenye mishipa midogo ya ndani: ubongo, figo, kondo la nyuma kwa mjamzito. Vikikaa kwenye mzunguko vitafika bandamani, na bandama haina huruma na chembe isiyokunjika. Kwa hiyo idadi ninayohesabu kwenye slaidi si idadi iliyomo mwilini. Mgonjwa anaweza kuonekana ana vimelea wachache na hali yake ikawa mbaya kuliko namba inavyosema. Daktari mgeni akituuliza kwa nini, ndiyo hilo.

Swali langu: huo ugumu mnaoingiza kwenye kompyuta umepimwaje? Isije ikawa ni namba za kuokota.

Mwalimu wa Chuno #4

> Dada Maabara alisema: Isije ikawa ni namba za kuokota.

Swali zuri, na modeli nyingi mbovu zinakufa hapo.

Njia ya zamani ni kuifyonza chembe kwa kibomba chembamba cha kioo na kupima ulimi unaoingia ndani. Njia iliyopendwa baadaye ni kibano cha mwanga. Unabandika vishanga viwili vya silika pande mbili za chembe, kimoja unakishikilia, kingine unakivuta kwa mwale wa leza. Nguvu zinafika karibu pikonyutoni 200 (pikonyutoni ni sehemu moja ya trilioni ya nyutoni). Chembe isiyo na kimelea ikivutwa hivyo inarefuka kutoka mikromita 8 hadi karibu maradufu, ukiiachia inarudi. Unapata grafu ya nguvu na urefu. Modeli yako lazima ipite kwenye grafu hiyo kabla hujaniambia chochote kuhusu mishipa.

Mwaka 2005 Subra Suresh na wenzake walipima hivyo hivyo chembe zenye falsiparum. Kimelea kikiwa pete, ugumu umepanda kiasi. Kikifika hatua ya mwisho kabla ya kupasua chembe, ugumu umefika hadi mara 10 ya ule wa chembe isiyo na kimelea. Mara kumi, dada. Hakuna kitu kwenye slaidi yako kinachokuonyesha hilo.

Sasa ujenzi.

Utando unagawanywa kuwa wavu wa pembetatu. HemoCell, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha Amsterdam, inatumia vituo 642 na pembetatu 1,280 kwa chembe moja. Ukitaka kila kiungo cha chini ya utando kihesabiwe chenyewe, unapanda hadi zaidi ya vituo 20,000, na laptopu yako itakuomba msamaha. Kati ya kituo na kituo kuna springi. Hizo zinasimama badala ya spektrini, protini ndefu zilizosukwa chini ya utando halisi. Si springi za Hooke tunazofundisha kidato cha kwanza: zikivutwa kidogo zinakubali, zikikaribia mwisho wa urefu wake zinagoma ghafla.

Juu ya springi unaweka adhabu. Ukipinda pembe kati ya pembetatu mbili, unalipa nishati kidogo. Ukibadilisha eneo, unalipa sana. Ukibadilisha ujazo, unalipa sana. Chembe nzima imeisha. Na kitu kinachonifurahisha mimi binafsi ni kwamba lile umbo la kubonyea katikati huhitaji kulichora. Canham alionyesha tangu 1970 kwamba kwa eneo na ujazo ule, umbo lenye gharama ndogo ya kupinda ndilo lile. Unaiacha chembe itulie, inabonyea yenyewe.

Kisha plazma. Wengine wanaigawa kwa gridi ya vijisanduku, mbinu iitwayo ya Boltzmann, wengine kwa chembechembe za kubuni zinazosukumana, mbinu iliyoanzishwa na Hoogerbrugge na Koelman mwaka 1992. Penye jasho ni kuunganisha utando na majimaji. Mbinu inayotumika sana ilitoka kwa Charles Peskin, aliiandika 1972 akihangaika na valvu za moyo. Kila hatua majimaji yanausukuma utando, utando unapinga, na upinzani ule unarudishwa kwenye majimaji. Hatua moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kwa hiyo sekunde moja ya damu ni hatua milioni 10, na kila hatua kompyuta inapitia vituo vyote vya kila chembe.

Injinia wa Mabomba #5

Mwalimu, mimi riziki yangu ni mabomba, huku upande wa Madimba kwenye gesi. Niulize kwa ubishi kidogo: haya yote ya nini? Sheria ya Poiseuille ya mtiririko kwenye bomba ipo. Mtiririko ukiwa tulivu, unajua kipenyo, shinikizo na mnato (yaani uzito wa majimaji katika kutiririka), umemaliza kazi. Kipenyo kikipungua nusu, mtiririko unapungua mara 16. Damu ipewe mnato wake tuendelee na maisha.

Mwalimu wa Chuno #6

Injinia karibu, nilikuwa nakungoja.

Poiseuille mwenyewe alikuwa daktari, Mfaransa, alitaka kuelewa damu na akaishia kupima maji kwenye vibomba vya kioo. Sheria yake inasimama vizuri sana kwa maji. Kwa damu inasimama kwenye mishipa mikubwa. Lakini uliposema "damu ipewe mnato wake", mnato upi?

Mwaka 1931 Fåhræus na Lindqvist wa Sweden walipitisha damu kwenye vibomba vya kioo vya vipenyo mbalimbali. Chini ya mikromita 300 hivi, kila kipenyo kilivyopungua, damu ILIONEKANA nyepesi zaidi. Damu ile ile, chupa ile ile. Mnato unaendelea kushuka hadi kipenyo kinakaribia ukubwa wa chembe yenyewe, hapo ndipo unageuka na kupanda kwa kasi. Hakuna namba moja ya mnato utakayoiweka kwenye fomula yako ikafaa bomba zote.

Sababu ni kwamba chembe zinakunjika. Kitu kinachokunjika kikipita karibu na ukuta, mtiririko unakisukuma kuelekea katikati. Pembeni inabaki tabaka ya plazma tupu, isiyo na chembe nyekundu, na plazma ni nyepesi, kwa hiyo msuguano uko pale penye wepesi. Bomba likiwa jembamba, tabaka hiyo inachukua sehemu kubwa ya nafasi.

Na sasa rudi kwenye hoja yangu ya #1. Fanya chembe chache kuwa ngumu ndani ya modeli, usiguse kingine. Zile laini zinashika katikati, zile ngumu zinasukumwa pembeni, kwenye ukuta. Ndiko zinakokaa chembe nyeupe na chembe sahani pia, na kwao ni sawa, kazi yao iko ukutani. Lakini chembe nyekundu yenye malaria, yenye vinundu vya kunata, unaipeleka ukutani kufanya nini? Ugumu unaifikisha mlangoni, kunata kunafunga mlango. Kwenye slaidi ya Dada Maabara hayo mawili hayaachani kabisa.

Injinia wa Mabomba #7

Sawa, hapo kwenye tabaka ya pembeni nimekuelewa. Kwetu uchafu ndani ya bomba unatafuta pa kutulia, ila haujawahi kuchagua njia kwa ulaini wake.

Mama Wawili #8

Samahanini wataalamu, mimi si mtu wa fizikia, niko Lindi mjini na biashara yangu ya vitenge. Mwanangu wa pili ana seli mundu, kliniki tunahudhuria. Nimesoma mpaka hapa kwa shida ila nimesoma. Mwalimu anasema chembe inakuwa ngumu. Mbona basi siku nyingine mtoto anacheza vizuri hadi nasahau, siku nyingine analia mifupa usiku kucha? Chembe si zile zile?

Mwalimu wa Chuno #9

Mama pole sana, na asante kwa kuuliza. Swali lako ndilo lililowasumbua watafiti kwa miaka mingi, usiseme si mtu wa fizikia.

Tangu 1949, Linus Pauling na wenzake walipoonyesha kwamba tatizo liko kwenye himoglobini yenyewe, picha imekuwa hii. Himoglobini ya mtoto wako ikiwa imebeba oksijeni inakaa vizuri, chembe ni laini. Ikishusha oksijeni kwenye misuli, himoglobini zinaanza kushikana na kujenga nyuzi ndefu ndani ya chembe. Nyuzi zikikomaa, chembe inakuwa ngumu na inapinda.

Lakini nyuzi hazianzi papo hapo. Kuna kuchelewa. Na kupita kwenye kapilari ni jambo la sekunde moja hivi. Chembe ikipita upesi na kurudi kwenye mapafu kabla nyuzi hazijakua, imepona, haijaziba chochote. Siku mtoto anacheza, nyingi zinapita kwa wakati. Kitu chochote kikizichelewesha, nyuzi zinawahi. Homa na maambukizi vinafanya chembe zinate ukutani. Kukosa maji kunakausha chembe, himoglobini ndani inasongamana, na msongamano ukipanda kidogo tu, muda ule wa kuchelewa unafupika mno, si kwa kiasi kile kile bali kwa maradufu mengi. Baridi inabana mishipa. Chembe ni zile zile, mama, muda ndio umebadilika.

Kwenye modeli hili linaonekana vizuri. Unaweka saa ndani ya kila chembe: ikikaa bila oksijeni kwa muda fulani, springi zake zinakazwa. Chembe moja inakwama penye njia panda, nyuma yake zinapunguza mwendo, nazo saa zao zinafika. Kuziba kunaanza na moja tu.

Dada Maabara #10

Mama Wawili, niongeze ya vitendo kwa sababu uzi huu usije ukasomwa vibaya.

Dawa ya haidroksiyurea, kama mtoto ameanzishiwa, kazi yake kubwa ni kuongeza himoglobini ya kichanga, ile ya mtoto akiwa tumboni. Hiyo haishikani na nyuzi, kwa hiyo inaongeza ule muda wa kuchelewa aliousema mwalimu. Utafiti uliotoka 2019, uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha watoto waliotumia walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu na vifo, na hata malaria ilipungua. Inahitaji FBP, yaani kipimo cha picha nzima ya damu, mara kwa mara, usiruke tarehe. Usipandishe wala kushusha dozi kwa kusoma mtandaoni. Na homa kwa mtoto wa seli mundu ni hospitali siku hiyo hiyo, si ya kungoja asubuhi ya kesho kutwa.

Mama Wawili #11

Asanteni sana. Ya maji nilikuwa naambiwa tu "anywe maji mengi", sikuwahi kuambiwa kwa nini. Mtoto mwenyewe ni mbishi wa maji, leo nitamweleza habari ya saa.

Korosho Ghafi #12

Mimi niwe mbaya wa uzi. Dada hapo juu anajua, takwimu zinazotajwa sana ni watoto 11,000 hivi wanaozaliwa na seli mundu kila mwaka Tanzania. Tuko kwenye nchi zinazoongoza duniani. Zahanati za vijijini huku Tandahimba na Liwale kipimo chenyewe cha seli mundu ni bahati. Halafu tunashangilia kompyuta inayochora chembe moja ikipita kwenye tundu? Hela ya hizo kompyuta ingenunua vipimo.

Mwalimu wa Chuno #13

Kipimo cha mtoto mchanga kikikosekana, modeli haimsaidii. Hapo hatubishani, na anayedai modeli itatibu watu Liwale mwaka huu anauza maneno.

Lakini hoja ya hela iangalie tena. Mwaka 2010 kikundi cha watafiti Marekani kilipata tuzo ya Gordon Bell kwa kuiga zaidi ya chembe milioni 200 zinazokunjika, kwenye kompyuta ya Jaguar kule Oak Ridge, karibu viini 200,000 vya prosesa vikifanya kazi kwa pamoja. Mikrolita moja ya damu ina chembe milioni 5. Piga hesabu: hiyo ni kama tone moja. Mashine yenye ukubwa wa ukumbi kwa tone moja. Hakuna anayesema tukanunue hiyo.

Ninachosema ni kwamba programu ni za bure, hesabu iko wazi, na chembe MOJA inaendeshwa kwenye laptopu ya mwanafunzi. Hakuna senti inayotoka zahanati. Kinachotoka ni mtu wa Kusini anayeweza kuuliza swali lake mwenyewe kuhusu malaria ya kwao, badala ya kungoja lililoulizwa na wengine.

Korosho Ghafi #14

Hiyo ya mwisho umenipa. Ya zahanati siiachi.

Dada Maabara #15

Usiiache, Korosho. Wengi wetu hatujaiacha.

Mpita Njia #16

Nimeusoma wote. Kuna kitu hakikai sawa. Mnasema chembe ngumu ni balaa. Lakini kuna utafiti wa Kilifi, Kenya, ulitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2020. Watu wenye kundi la damu liitwalo Dantu wana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, na sababu iliyoonekana ni kwamba utando wa chembe zao una mvutano mkubwa. Kimelea kinagonga, kinashindwa kuingia. Ugumu huo huo, mbona huko unaokoa?

Mwalimu wa Chuno #17

Mpita Njia usipite, kaa hapa hapa.

Hii ndiyo sababu neno "ugumu" pekee halitoshi, na ndiyo sababu modeli inakulazimisha useme ugumu UPI. Kwenye faili la vipimo kuna namba tofauti: moja ya springi, yaani utando unavyopinga kuvutwa mshazari, moja ya kupinda, moja ya kutanuka eneo, nyingine ya mnato wa himoglobini ndani. Mvutano wa Dantu unahusu kimelea kinapotaka kuufunga utando kukizunguka ili kiingie. Utando ukiwa umekaza kupita kiwango fulani, haukubali kukizunguka. Ni tukio la nje, la mahali padogo sana, na linaisha upesi. Chembe yenyewe bado inapita kapilari zake, mwenye Dantu anaishi na kulima korosho zake.

Ugumu wa Suresh ni wa kimelea kilichokwisha kuingia na kupanga upya spektrini kwa siku mbili. Ni springi zile zimebadilika, na chembe nzima imekuwa kitu kingine.

Na kwa waliosoma biolojia, kuna mwenzake Dantu: Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, kwamba mwenye jeni moja tu ya seli mundu anakingwa dhidi ya malaria. Damu ya ukanda wetu imejaa mapatano ya namna hii. Ukiyaweka yote kwenye kapu moja la "ngumu" na "laini" hutoki.

Mpita Njia #18

Nimekaa.

Kijana wa Mikindani #19

Mwalimu shikamoo. Niko mwaka wa tatu chuo, fani ya kompyuta, nyumbani Mikindani. Laptopu yangu ina RAM ya 8, haina kadi ya picha ya maana. Nataka kujaribu. Naanzia wapi? Na ni kweli chembe ikiwa kwenye mtiririko utando wake unazunguka wakati umbo limetulia? Nimeiona kwenye video.

Mwalimu wa Chuno #20

Marahaba. RAM ya 8 inatosha kwa chembe moja. Weka Linux, shusha HemoCell, ndani ya kifurushi kuna mifano ya chembe moja. Anza na ya kuvuta, ile ya kibano cha mwanga, SI ya mshipa. Weka programu iwe inahifadhi hali kila baada ya muda mfupi. Umeme wa kwetu mnaujua, usije ukaacha inaendeshwa usiku kucha ukaamka na kioo cheusi.

Hiyo ya utando kuzunguka ina historia tamu. Mwaka 1978 Fischer na wenzake walionyesha kwa hadubini chembe imetulia kwa mshazari kwenye mtiririko, na utando unazunguka kuizingira. Picha ikaingia kwenye vitabu vyote. Ila ukisoma vizuri, waliweka chembe kwenye mchanganyiko wa dekstrani (aina ya sukari ya minyororo mirefu), mzito kuliko plazma kwa mbali. Ndani ya chembe mnato wa himoglobini ni kama mara 5 ya plazma. Kwenye dekstrani uwiano huo unageuka, nje kunakuwa kuzito kuliko ndani.

Mwaka 2016 Lanotte na wenzake wakarudia kwa mnato wa kweli wa plazma, maabara na kompyuta pamoja. Kuzunguka kule hakukuonekana kama vitabu vilivyosema. Mtiririko ukiwa polepole chembe zinapinduka kichwa chini miguu juu, ukiongezeka zinabingirika, ukiongezeka zaidi zinabonyea upande mmoja, na mwisho zinatoa pembe tatu au zaidi, zimekunjamana kabisa. Umbo la sahani nzuri la kitabuni ni la chembe iliyotulia mezani. Kwenye mshipa wenye kasi karibu halipo.

Dada Maabara #21

Na sisi tunafundisha wanafunzi kwamba chembe iliyokunjamana kwenye slaidi ni kosa la kukausha. Mara nyingi ni kweli ni kosa la kukausha, tusije tukapata visingizio.

Kijana wa Mikindani #22

Mrejesho wakuu. Linux imekubali, HemoCell imekubali kujengwa baada ya kugombana na maktaba za programu mbili tatu. Mfano wa kuvuta umeendeshwa. Kwenye nguvu ndogo, hadi pikonyutoni 80 hivi, urefu wa chembe yangu unapita vizuri juu ya vipimo vilivyochapishwa. Kuanzia 120 kwenda juu, upande wa urefu uko sawa ila upande wa upana chembe yangu inakuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Nimekosea nini?

Injinia wa Mabomba #23

Kabla ya kulaumu chembe, hizo nukta za vipimo zina mistari ya makosa, ile inayoonyesha kipimo kinaweza kupotoka kiasi gani? Kwenye nguvu kubwa naona vipimo vyenyewe vimetawanyika sana upande wa upana.

Kijana wa Mikindani #24

Zina, injinia, na ni mirefu. Yangu inapita chini kidogo ya mstari wa chini.

Mwalimu wa Chuno #25

Injinia yuko sahihi kuhusu upana. Chembe ikivutwa inaweza kugeuka kwenye mhimili wake, na hadubini inaitazama kutoka juu tu, kwa hiyo upana unaosomwa unategemea imegeukia wapi. Tofauti ndogo hapo haiui modeli.

Ila hakikisha vitu viwili. Kwanza chapisha ujazo na eneo kila hatua elfu. Ujazo ukipungua zaidi ya asilimia 1, adhabu yako ya ujazo ni dhaifu na chembe inavuja kwenye hesabu, ndiyo maana inakonda. Pili, ukubwa wa eneo unaposhikia. Kishanga kimegusa sehemu ya utando, si kituo kimoja. Ukivuta kituo kimoja, utando pale unachongoka na nguvu inakwenda kusiko.

Vikiwa sawa vyote, punguza hatua ya muda kwa nusu, endesha tena kuanzia 100 hadi 200, halafu weka grafu zote mbili hapa.

Kijana wa Mikindani #26

Ujazo umepungua asilimia 2.6. Naendesha upya, nitarudi jioni.